Kitufe cha "Bado"

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Mpanda husoma sayansi kwa Kiswahili tangu anapoanza mpaka mtihani wa mwisho. Januari akiingia kidato cha kwanza, usanisinuru unageuka photosynthesis, pembetatu inageuka triangle, na daftari alilokuwa akilijaza kwa raha linakuwa pori. Mwenzake wa Katumba au Mishamo, makazi ya familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 na ambazo nyingi zilipewa uraia mwaka 2014, huenda alikianza Kiswahili chenyewe kama lugha ya pili baada ya Kirundi cha nyumbani. Huyo sasa anabebeshwa ya tatu.

Dawa ya zamani ni kadi. Walimu wanazijua: unakata manila vipande, mbele unaandika neno, nyuma maana yake, unajiuliza, unageuza. Dawa mpya ni kadi hizohizo ndani ya simu, na siku hizi yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kuziandikia programu. Makala hii ni yake. Hapa hatutazungumzia hifadhidata wala seva. Tutazungumzia vitufe tu, kwa kuwa hapo ndipo programu za aina hii huharibikia bila mwenyewe kujua.

Uharibifu wenyewe haupigi kelele. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akahesabu zinavyomtoka kichwani, kwa kasi mwanzoni kisha polepole. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza namna ya kupambana na usahaulifu huo kwa maboksi: kadi uliyoipata inasogea boksi la mbele, ambalo hufunguliwa kwa nadra, uliyoikosa inarudi boksi la kwanza. Mpoland Piotr Woźniak akaihamishia kazi hiyo kwenye kompyuta mwaka 1987 kwa programu yake ya SuperMemo, na mwaka 2006 Damien Elmes akatoa Anki, ambayo leo inatumika dunia nzima. Kwa simu za Android ipo AnkiDroid, bure kabisa.

Angalia sasa idadi ya majibu. Leitner alitaka majibu mawili: umepata au umekosa. Woźniak alimpa mwanafunzi alama sita, kuanzia 0 hadi 5. Anki ikashuka hadi vitufe vinne: Again, Hard, Good na Easy. Mkono wa mwanafunzi ndio unaoiambia programu kadi irudi lini, na mkono ukidanganya hata mara moja kwa tano, hesabu yote nzuri iliyo nyuma yake inapangia uongo.

Na mkono hudanganya bila nia mbaya. Mwanafunzi anaona "osmosis", anawaza, hapati. Anafungua jibu, anajisemea, "Ah, hili neno gumu." Kidole kinakwenda kwenye Hard, ambayo kwa Kiswahili chake ni "ngumu". Lakini programu haikumuuliza kama neno ni gumu. Kwake Hard maana yake ni "nimekumbuka, ila nimetoka jasho." Inaihesabu kadi kuwa imefaulu na kuisogeza mbele. Mtoto amesahau, simu inaandika kwamba amekumbuka. Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba waandishi wa FSRS, hesabu mpya ya kupanga marudio iliyoingizwa Anki mwaka 2023, wanalitolea onyo wazi katika maelezo yao: ukisahau bonyeza Again, usibonyeze Hard. Mimi nasema kitufe kinachohitaji onyo kwenye kitabu cha maelezo kimeshakosewa tangu jina.

Kwa hiyo kitufe kiulize kitu kimoja, na kiwe kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukijibu bila kubahatisha. "Umekumbuka au hukukumbuka?" Hilo analijua. "Umekumbuka kwa urahisi wa kiasi gani?" Hilo hata mtu mzima anakisia, na anakisia tofauti akiwa na njaa.

Tuje kwenye maneno, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi wakitengeneza programu ya Kiswahili huanza na ile ya Kiingereza na kuweka Tena, Ngumu, Nzuri, Rahisi. Yasome tena kama mtu ambaye hajawahi kuona Anki. Nzuri nini? Kadi ni nzuri? Sivyo ilivyokusudiwa. Ngumu nini? Mwanafunzi anaangalia swali, na swali huwa gumu. Au neno, nalo ni gumu. Au kitendawili, ambacho ni kigumu. Kivumishi chetu hufuata jina lake kama ndama afuatavyo ng'ombe. Ukikiweka peke yake kwenye kitufe, msomaji anaanza kumtafuta mama yake, na hiyo ni nusu sekunde iliyopotea kwenye kila kadi.

Kitenzi chetu, kinyume chake, hutembea na mizigo yake yote. "Nimekumbuka" ina mtu, ina wakati, ina tendo, ndani ya neno moja, pale ambapo Kiingereza kingehitaji matatu. Ndiyo maana nashauri vitufe vya kujibu viwe vitenzi vinavyosemwa na mwanafunzi mwenyewe. Jaribio lake ni rahisi: soma kitufe kwa sauti kana kwamba unamjibu mwalimu aliyesimama mbele yako. "Nimekumbuka" inapita. "Nzuri" inachekesha.

Ila kuna mtego. Ukiweka "Nimekumbuka" upande mmoja na "Nimesahau" upande mwingine, vyote viwili vinaanza na Nime-. Jicho lenye haraka husoma mwanzo wa neno na umbo lake, halisomi herufi kwa herufi; kwenye kadi ya arobaini, usiku, vitufe hivyo ni mapacha. "Sikukumbuka" haisaidii sana, maana nusu ya pili ya neno ni ileile. Tafuta maneno yasiyofanana kwa sura wala kwa urefu.

Neno ninalolipendekeza tunalo mdomoni kila siku: Bado. Chakula bado, basi bado, mshahara bado. Mwanafunzi akiulizwa kama ameshika, anajibu "bado" bila kuinamisha kichwa, kwa sababu ndani ya neno hilo mna ahadi kwamba jambo litakuja. Na ndicho hasa programu inachokifanya: kadi itarudi. Neno ni fupi, halifanani na Nimekumbuka hata kwa herufi ya kwanza, na halimwaibishi mtu. Aibu si jambo dogo hapa. Simu ya nyumbani hushikwa na watoto wawili watatu kwa pamoja, na mwenye kuona kitufe kimeandikwa "Umekosea" mbele ya mdogo wake atabonyeza kingine.

Kitufe kinachotangulia hivyo viwili ni "Onyesha jibu". Hapa anayesemeshwa ni simu, kwa hiyo amri ni sawa. Usiandike "Endelea", endelea wapi? Vivyo hivyo kwenye kufuta: usiulize "Una uhakika?" halafu ukaweka Sawa na Ghairi. Andika "Futa kadi" na "Iache". Nimewahi kukaa mbele ya kisanduku kilichouliza kama nataka kughairi, chini yake kukiwa na vitufe viwili, Ghairi na Ndiyo, nikabaki nimeduwaa kama mtu aliyeulizwa kitendawili na konda.

Kuna atakayesema mbona hakuna kitufe cha tatu kwa yule aliyekumbuka kwa tabu. Kinaweza kuwepo. Kiite "Kwa shida", kiweke ubavuni mwa Nimekumbuka ili ionekane ni ndugu yake na si ndugu wa Bado. Lakini toleo la kwanza litoe bila hicho, uone kama kuna atakayekiulizia.

Upana wa kioo

Good ina herufi nne, Nimekumbuka kumi na moja. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa sentimita 6.5 hivi, ukikigawa kwa vitufe vinne, kila kimoja kinapata milimita 16 kabla ya kuacha nafasi katikati. Nimekumbuka haikai humo isipokuwa kwa maandishi ya sisimizi, au ikatwe iwe "Nimekumb...", jambo ambalo nimeliona kwenye programu za watu wenye akili zao. Vikiwa viwili, kila kimoja kinapata milimita 32 na neno linapumua. Hii ni sababu nyingine ya kubaki na vitufe viwili.

Kimo nacho kisipungue. Mwongozo wa Google kwa watengenezaji wa Android unataka sehemu ya kugusa isiwe chini ya vipimo 48 vya dp, ambavyo wao wanavikadiria kuwa kama milimita 9. Hicho ni kima cha chini. Fikiria kidole kilichotoka kumenya mihogo, kioo chenye ufa, protekta iliyochubuka pembeni, na simu ambayo ni ya mama wala si ya msomaji. Mimi ningevipa vitufe vya kujibu kimo mara moja na nusu ya hapo, nafasi ya kutosha katikati yao, na ningeviacha mbali kidogo na ukingo wa chini, kule ambako kidole kikiteleza kinaitoa programu nzima.

Mahali pake ni chini ya kioo, panapofikiwa na dole gumba la mkono ulioshika simu. Hilo wengi wanalijua. Wanalolisahau ni kwamba "Onyesha jibu" ikikaa palepale ambapo "Nimekumbuka" itatokea, mguso mmoja wa ziada unafungua jibu na kujibu kwa pamoja, kabla jicho halijasoma chochote. Kwenye kompyuta Anki imefanya hivyo makusudi: ufunguo wa nafasi unaonyesha jibu, ukibonyezwa tena unahesabu Good. Kwa mzoefu mwenye kadi mia mbili za kurudia, hiyo ni neema. Kwa mwanafunzi wa Makanyagio, hapahapa mjini, anayeanza leo, ni shimo. Ama vitufe vya kujibu visipokee mguso kwa theluthi ya sekunde baada ya jibu kutokea, ama kitufe kitakachotokea chini ya kidole kiwe Bado, ili makosa ya mkono yamrudishie kadi badala ya kumpotezea.

Ukishachagua upande, usibadilishe kamwe. Bado kushoto, Nimekumbuka kulia, leo na mwakani. Watu wetu wamefundishwa vitufe na menyu za pesa za simu kabla ya kufundishwa na simu janja: M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mpaka leo mtu mwenye kiswaswadu anapiga *150*00# na kufuata namba kwa mazoea ya vidole, nusu bila kusoma. Kampuni ikihamisha chaguo moja kutoka namba 4 kwenda 5, foleni ya kwa wakala inasimama. Kama unatengeneza programu itakayotumika pia kwa kibodi ya maabara ya kompyuta, ambapo wanafunzi watatu wanagombea mashine moja, ipe Bado namba 1 na Nimekumbuka namba 2, na uziandike namba hizo juu ya vitufe vyenyewe.

Rangi

Kila mtu atakuambia nyekundu ni kosa na kijani ni sahihi. Fungua daftari lolote lililosahihishwa. Vema ni nyekundu na kosa ni jekundu, kwa sababu mwalimu ana kalamu moja. Nyekundu kwa mtoto wetu ni rangi ya mwalimu, na kitufe chekundu kinamwambia tu kwamba amekaguliwa. Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani kwa macho, wengi wao wanaume. Rangi iwe msaada wa neno, isishike nafasi yake. Ningeipa Nimekumbuka rangi nzito iliyojaa, na Bado rangi tulivu yenye mstari wa kuizunguka, bila mlio wala mtetemo wa kumshtaki mtu.

Kinachohitaji ukali ni tofauti ya mwanga. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka maandishi na rangi iliyo nyuma yake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Vipo vipimio vya bure mtandaoni, lakini hapa tuna kipimio kingine: toka nje saa saba mchana mwezi wa Septemba, punguza mwanga wa kioo hadi nusu kama afanyavyo mtu anayebana chaji, usome. Mji uliokaa miaka mingi ukiwashwa na majenereta ya dizeli unajua kubana chaji. Kijivu juu ya nyeupe, kinachopendeza ofisini, hapo hakipo.

Siku na saa

Anki huandika juu ya kila kitufe muda ambao kadi itarudi: dakika 10, siku 4, miezi 2. Mimi ningeuondoa hapo. Mwanafunzi akiona "siku 9" anaanza kununua siku. Anachagua kitufe kitakachomwondolea kazi, na swali la kukumbuka linasahaulika. Mwambie akishajibu, kwa mstari mdogo: "Itarudi kesho", "Itarudi Alhamisi", "Itarudi baada ya siku 12".

Saa ndiyo hatari zaidi, na hakuna kitabu cha kigeni kitakachokuonya. Ukiweka kitufe cha "Nikumbushe" na kumwachia mtu achague 02:00, atachagua akidhani ni saa mbili usiku, baada ya chakula. Simu italia saa nane usiku na nyumba nzima itaamka. Andika vitufe kwa saa zetu: "Saa 12 jioni", "Saa 2 usiku", "Saa 11 alfajiri", na uiache programu igeuze yenyewe ndani kuwa 18:00, 20:00 na 05:00. Amua pia siku mpya inaanza lini. Anki, usipoigusa, huianza saa kumi alfajiri badala ya saa sita usiku, ili anayechelewa kulala asirushiwe kadi za kesho. Uamuzi huo uige.

Kuhusu kujirudi: mtu aliyebonyeza vibaya apewe njia. Android ya Kiswahili hutumia "Tendua", neno sahihi ambalo sijasikia mtu akilitamka sokoni. Andika "Nimekosea", liweke juu ya kioo, na libaki hapo mpaka kadi inayofuata ijibiwe. Likitoweka baada ya sekunde tatu ni kejeli. Ukiwa na kitufe hiki huhitaji kumuuliza mtu "Una uhakika?" kwenye kila kadi. Kutuma pesa kunahitaji uhakikisho kwa sababu pesa ikienda kwa asiyehusika kuirudisha ni safari. Kadi hurudi kwa mguso mmoja.

Kitufe kinachohitaji intaneti kisimzuie mwenye kadi zake tayari. Bando likiisha, "Pakua kadi mpya" kipauke na kando yake paandikwe "Huna mtandao". Mengine yote yafanye kazi.

Jaribu kabla ya kuandika programu

Chukua manila, chora kioo cha simu kwa ukubwa wake halisi, chora vitufe. Mwekee mtu mezani, wewe ndiye simu: akigusa "Onyesha jibu", unageuza karatasi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kujaribu programu kwa watumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na watano hata Mpanda wanapatikana asubuhi moja: mwanafunzi, mama muuza nyanya, dereva wa bodaboda aliyeacha shule kidato cha pili, mwalimu, na mmoja ambaye Kiswahili alikijulia shuleni.

Usiwaulize kama ni nzuri. Kwetu mtu aliyekaribishwa kuangalia kazi ya mtu atasema ni nzuri, na mwanafunzi atasema "ni nzuri sana, mwalimu" hata kama hajaelewa kitu, kwa sababu amelelewa. Uliza hivi: "Ukigusa hapa, unadhani kitatokea nini?" Kisha nyamaza. Dole gumba likisita juu ya kitufe, hapo pana tatizo, hata kama mwenyewe anatabasamu. Akisema "samahani, nimekosea", andika kwamba karatasi yako ndiyo imekosea. Na usimwelekeze, ukishamwelekeza huyo ameshakuwa fundi mwenzako, hafai tena kwa jaribio.

Na wewe ambaye huna mpango wa kutengeneza chochote, una AnkiDroid tu kwenye simu na kadi za mwanao wa kidato cha kwanza: mwambie abonyeze Again akisahau na Good akikumbuka. Vile viwili vingine ajifanye havipo.